Spika Sita na Duara la Agwara

Jijini Arua duka la spika halitafutwi kwa macho. Mlango wa kwanza unapiga rumba ya Kongo, wa pili wimbo mpya kutoka Kampala, wa tatu kwaya, na zote zinakutana katikati ya barabara juu ya ngurumo za bodaboda. Ukiingia ukasema unataka spika nzuri za kompyuta, zile zinazokaa mbele na nyuma ya msikilizaji, mwenye duka hakuulizi chumba chako kikoje wala unapenda kusikiliza nini. Anaongeza sauti. Besi inakugonga kifuani, kioo cha kaunta kinatetemeka, naye anakutazama akingoja useme ndiyo. Wengi husema ndiyo. Koboko, kilomita 55 hivi kaskazini kwa barabara ya lami iendayo Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, biashara ni ile ile, ila maboksi ni machache zaidi.

Naandika haya kumtetea mnunuzi yule anayesimama hapo na akiba yake mfukoni. Pesa ya seti ya spika sita kwetu ni karo ya mtoto, au mbuzi kadhaa waliouzwa sokoni, na anayeitoa anastahili kusikia kitu ambacho jana hakuwa akikisikia. Kelele alikuwa nayo tayari.

Tuanze na boksi, kwa kuwa ndilo husema mengi. Juu yake huandikwa wati 8,000, pengine 12,000, na pembeni herufi nne: PMPO. Nyuma ya herufi hizo hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vimekubaliana. Kila kiwanda huhesabu kilele cha kitambo kidogo mno, hujumlisha spika zote, kisha huzidisha kinavyopenda. Geuza chombo usome kibandiko cha nyuma, pale penye volti 240 na hezi 50. Mara nyingi utakuta chombo kile kile kinakula wati 60 au 80 tu kutoka ukutani, na hakuna spika inayoweza kuimba wimbo mzima kwa nguvu ambayo haikuila. Kipimo cha kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaitoa mfululizo bila kuchoka. Kwa kulinganisha, Logitech Z906, seti ya kompyuta iliyotoka mwaka 2011 na ikawa kigezo kwa watu wengi duniani, ina wati 500 za RMS: 165 za sabufa, na 67 kwa kila moja ya spika tano zilizobaki. Hiyo ni seti kubwa kwa chumba chochote cha kawaida. Ukikutana na boksi linalojisifu kwa wati 12,000, nawe unalinyanyua kwa mkono mmoja, liache juu ya rafu.

Tena sikio halihesabu wati kama boksi linavyozihesabu. Ili sauti isikike imekua maradufu, nguvu inayotakiwa ni kama mara kumi ya ile ya mwanzo. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 tu hutoa desibeli 85 hivi kwa mtu aliye mita 1 mbele yake, na mtu wa kompyuta hukaa karibu zaidi ya hapo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani pamoja na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, waliweka mpaka wa usalama kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwamba anayesikiliza mezani pake anatumia wati moja, mbili, siku ya furaha pengine kumi. Zilizobaki anazilipia bure. Akizitumia, anayelipa ni sikio, na sikio halina spea.

Kwetu West Nile, eneo la Arua na Koboko, hesabu hiyo ina uzito wake wa pekee. Kwa miaka mingi eneo letu lilikuwa nje ya gridi ya taifa. Bwawa la Nyagak, karibu na Paidha wilayani Zombo, lilipoanza kazi mwaka 2012 lilikuwa la megawati 3.5, na kwa hizo pamoja na jenereta watu walijifunza kuishi kwa zamu: leo upande huu wa mji una umeme, kesho upande ule. Laini ya taifa imetufikia katika miaka hii ya karibuni, lakini nyumba nyingi, hasa ukishatoka mjini Koboko, bado zinasikiliza muziki wake kwa sola. Kwa nyumba kama hiyo mimi huuliza kwanza chombo kinakula kiasi gani kikiwa kimya, maana kuna vyombo vinavyokunywa betri usiku kucha huku wenyewe wamelala. Amplifaya za aina ya D hupoteza umeme kidogo sana kwa njia ya joto, na ndizo zinazoifaa sola. Inveta ya bei rahisi, ambayo umeme wake hautoki kwa wimbi laini, huingiza mvumo kwenye spika zenye transfoma, mvumo usiokoma hata muziki ukinyamaza. Na kibandiko kikisema volti 100 hadi 240, chombo hicho kitavumilia umeme ukishuka jioni wakati kila nyumba imewasha. Kikisema 230 peke yake, andaa stabilaiza.

Sasa tuje kwenye usikivu wenyewe. Dukani watakupigia wimbo wao, ule waliouchagua kwa kuwa unalipendeza sanduku lao. Nenda na wako. Na zaidi ya wimbo, nenda na sauti ya mtu unayemjua. Mrekodi mama yako kwa simu akieleza jambo, au baba mkubwa akitoa salamu, uiweke kwenye flashi, uombe ipigwe kwa kiwango cha mazungumzo ya kawaida. Sijapata jaribio linalolishinda hilo. Muziki una mahali pa kujifichia, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwepo studio siku gitaa lile lilipopigwa. Sauti ya mama kila mtu anaijua tangu hajajua kusema. Ikisikika kama anasemea ndani ya pipa, au herufi s zake zinachoma sikio, au ghafla amepata kifua cha mwanamume, usikinunue chombo hicho, hata kama taa zake zinawaka rangi saba.

Kasoro hiyo ina sababu, na sababu yake inaonekana kwa macho. Seti nyingi za bei ya kati zina vispika vidogo, koni ya inchi 3 au pungufu, na sabufa moja kubwa. Koni ndogo namna hiyo haishuki vizuri chini ya hezi 150 au 200, kwa hiyo kila kilicho chini ya hapo hukabidhiwa sabufa. Lakini sauti ya mwanamume huanzia jirani ya hezi 100. Matokeo yake nusu ya mzungumzaji inasikika mezani na nusu chini ya meza. Besi ya chini kabisa, ile iliyo chini ya hezi 80, sikio halina uwezo wa kujua inatoka upande gani, na ndiyo maana sabufa inaruhusiwa kukaa popote chumbani. Ikilazimishwa kupanda hadi 200, sikio linaligundua kasha lake mara moja. Kwa hiyo kabla sijaitazama sabufa, mimi hupima spika za mbele: koni ya inchi 4 au 5, kasha la mbao lisilolia likigongwa kwa kidole, na waya unaofungwa kwa klipu za kawaida, ili siku ya kuharibika fundi wa Arua aweze kubadilisha kipande kimoja bila kutupa vyote. Mzigo wetu unatoka Kampala, ukipakiwa pale Arua Park, ukapita Karuma na daraja la Pakwach. Kuurudisha kwa aliyeuza ni safari ambayo watu wachache huifunga.

Lakini aliyesema anataka spika za kuzunguka anazitaka zile za nyuma. Huko ndiko mambo yanakogeuka.

Mpwa wangu wa Koboko, kijana anayehariri video za arusi kwa laptopu, aliniita nikasikilize seti yake mpya. Alikuwa ameipanga kwa bidii, mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma, sabufa sakafuni. Akaketi katikati, akafungua filamu, akasikiliza kidogo, kisha akageuza kichwa.

"Mjomba, hizi za nyuma mbona zinarudia tu maneno ya mbele?"

"Umechomeka wapi?"

"Kwenye tundu la hedifoni. Lingine halipo."

Tundu la hedifoni la laptopu hubeba chaneli mbili, kulia na kushoto. Bluetooth, inayotangazwa kwa herufi kubwa katika kila boksi, nayo kwa muziki hubeba mbili. Seti ya spika sita iliyopewa chaneli mbili haina la kufanya ila kunakili za mbele na kuzipeleka nyuma. Kompyuta ya mezani yenye uwezo wa chaneli sita utaitambua kwa matundu matatu ya rangi: kijani kwa spika za mbele, nyeusi kwa za nyuma, chungwa kwa ile ya katikati na sabufa. Mwenye laptopu atahitaji kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB, au amplifaya inayopokea HDMI. Waya wa mwanga unapitisha sauti ya filamu iliyokwisha kufungwa kwa Dolby Digital au DTS, lakini gemu, ambazo hutengeneza sauti yake papo hapo, mara nyingi zitapita humo kwa chaneli mbili tu. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya spika, igeuze kompyuta yako utazame matundu yake. Mpwa wangu alipata kadi, za nyuma zikaamka, akafurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Tundu lakini ni nusu ya habari. Nusu nyingine imo ndani ya flashi.

Sauti ya kuzunguka ni mtoto wa sinema. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliombea hataza mfumo wa kurekodi kwa chaneli mbili, kulia na kushoto. Mwaka 1940 Walt Disney alitoa Fantasia, na katika kumbi chache za Marekani sauti ilisafiri kutoka spika hadi spika. Mwaka 1992 Batman Returns ilifungua mlango wa Dolby Digital: tatu mbele, mbili pembeni kwa nyuma, na ile inayoandikwa nukta moja kwa ajili ya ngurumo. Tangu hapo mchanganyaji wa sauti wa filamu kubwa ana kazi ya kuamua mvua inyeshe wapi, helikopta itokee upande gani, na nani anong'one nyuma ya bega la mtazamaji. Mazungumzo huyaweka katikati.

Filamu hiyo ikishafika kwetu inakuwa imepita mikononi mwa VJ, yule anayeifasiri kwa sauti yake juu ya picha. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior hayahitaji kuelezwa Uganda. Kazi yao naiheshimu kwa dhati. Wamewafungulia sinema watu ambao hakuna studio ya ng'ambo iliyowahi kuwafikiria, wameongeza utani, mithali, hata majina ya mitaa yetu, na ukumbi wa video wa mabati uliojaa watu wanaocheka pamoja na VJ ni mahali pa sanaa. Lakini sauti ya VJ hurekodiwa juu ya filamu, kisha vyote hubanwa katika chaneli mbili, wakati mwingine moja. Mvua iliyokuwa nyuma inaletwa mbele. Helikopta inaletwa mbele. Spika zako za nyuma zinabaki bila neno la kwao. Gemu, na filamu ambazo mtu amenunua au kukodi kutoka huduma zinazobakiza sauti yake kamili, ndizo peke yake zitakazozipa kazi. Asiyecheza gemu, na ambaye sinema zake zote ni za VJ, ananunua viti ambavyo wageni wake hawatakuja.

Na muziki? Muziki wa West Nile, yaani ule tunaousikiliza zaidi, umetoka ng'ambo ya mpaka, na umerekodiwa kwa chaneli mbili au moja. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandikisha katika urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, haikupungukiwa kitu kwa hilo. Katika mpangilio wake wa kawaida kuna gitaa la kusindikiza, gitaa la mi-solo na gitaa la solo, na sebene, ile sehemu ya magitaa, inapoanza, magitaa hayo hupokezana maneno kwa kasi ambayo redio ya dukani huivuruga ikawa uji mtamu. Chukua rekodi nzuri ya TPOK Jazz ya Franco ya miaka ya 1980. Ziweke spika mbili za heshima mezani, umbali kati yake ulingane na umbali hadi kichwa chako, zielekee masikio yako. Punguza besi iliyoongezwa kiwandani. Utasikia solo amesimama upande wake, mi-solo upande wake, na katikati yao pengo ambamo mwimbaji anapumua. Nimeona wazee waliocheza nyimbo hizo ujana wao wote wakinyamaza kabisa, kwa sababu ni mara ya kwanza kumsikia mpigaji wa pili kuwa ni mtu mwingine. Hapo spika mbili zimefanya kazi ambayo sita mbovu haziwezi, kwa fedha ile ile, na hukumu yangu kwa mnunuzi wa kawaida wa Arua au Koboko iko hapo: fedha ya spika sita za wastani ipeleke kwenye mbili nzuri.

Chumba kitasaidia au kitaharibu. Nyumba zetu mpya ni tofali la kuchoma, plasta ya saruji, sakafu ya saruji, mabati juu. Piga kofi moja katikati ya sebule tupu ya namna hiyo usikie jinsi linavyoendelea baada ya mikono kutulia. Kila neno la spika linafuatwa na mkia huo huo. Pazia zito, zulia au mikeka iliyopangwa, makochi yenye vitambaa na dari ya kawaida vitafanya mengi kuliko kubadilisha waya. Mvua ya Agosti juu ya bati lisilo na dari haina spika inayoishinda, isubiri ipite. Sabufa usiisukume pembeni kabisa mwa chumba. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na zaidi, chumba cha mita 4 hakilitoshi, na kona hulivimbisha mpaka noti moja inameza nyingine zote. Nyumba ya duara ya udongo na nyasi, ambayo vijana wanadhani haifai kwa vyombo, ina sifa ambazo studio hulipia: paa la nyasi hunyonya makali ya sauti, na ukuta mnene wa udongo hautetemeki. Udhaifu wake ni ule ukuta wa mviringo, unaorudisha sauti na kuilundika katikati, kwa hiyo kiti kisogezwe kidogo kutoka kitovuni.

Waliokwisha nunua za nyuma wazitoe juu ya kabati. Mwongozo wa ITU wa sauti ya chaneli tano unaziweka za mbele nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, na za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio, karibu na mabega. Kwenye kona za mbali za chumba zinakuwa zimepelekwa mbali mno. Na mpangilio huo una kiti kimoja tu. Sebule ya West Nile ina viti vilivyozunguka kuta nne, mgeni hukaribishwa popote, shangazi anakaa karibu na mlango, watoto sakafuni, na kila mmoja wao yuko karibu mno na spika moja na mbali mno na nyingine. Hilo linanisumbua zaidi ya bei. Chombo kinachodai kumzungushia mtu sauti kimebuniwa kwa mtu aliye peke yake.

Lakini sisi sauti ya kuzunguka tulikuwa nayo, na ilikuwa ya watu wengi. Agwara ni mabaragumu marefu ya mbao yanayopulizwa kwa ubavu, na ngoma ya West Nile yenye jina hilo huchezwa nayo. Mabaragumu hutengenezwa kwa ukubwa tofauti, madogo yakilia juu, makubwa yakinguruma chini, na kila mpulizaji ana noti yake. Hakuna baragumu hata moja linalobeba wimbo. Wimbo unapatikana kati yao, kila mmoja akitia sauti yake mahali pake kwa wakati wake, huku wanazunguka na ngoma zinapigwa. Mtu aliye nje husikia baragumu lililo karibu likimpita, kisha la pili, kisha la tatu. Aliye ndani ya duara anasikia wimbo ukimzunguka, na mara zote aliye ndani anapuliza au anacheza. Kiti cha mtazamaji hapo hakuna. Adungu za Waalur, vinubi vile vya mbao na ngozi ambavyo leo vinasikika makanisani Uganda nzima, nazo hupangwa kwa familia, kuanzia ile kubwa ya besi hadi ile ndogo inayokumbatiwa, na anayeketi katikati ya kikundi anasikia kila moja ikimjia kutoka upande wake.

Muziki huo umerekodiwaje? Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, na Hugh Tracey aliyekuja kutoka Afrika Kusini, walizunguka nchi hii na vyombo vyao mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950, na tunawashukuru. Nakala za rekodi za Wachsmann zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, mtafiti anaweza kuzisikiliza. Zilikuwa za chaneli moja, kwa kuwa ndicho kilichowezekana. Tangu hapo vyombo vimebadilika mara nyingi, na bado agwara ikirekodiwa leo, ni simu moja iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu, au maikrofoni mbili mbele ya jukwaa siku ya sherehe, na wachezaji wamepangwa mstari mmoja ili kamera iwaone. Duara linanyooshwa. Wimbo uliokuwa kati ya watu unakuwa mbele ya watu. Mtoto wa Koboko anayeusikia kwa njia hiyo anaona ni kelele za mabaragumu, na hawezi kulaumiwa, maana kilichomfikia ndicho hicho.

Jambo hili linaniuma. Kiti kile kimoja cha katikati, chenye spika mbele na nyuma, kinaifaa agwara kuliko kinavyoifaa helikopta ya Marekani, na sijui sababu ya maana ya kukiacha kitupu. Kurekodi kwa namna hiyo hakuhitaji jengo wala mfadhili mkubwa. Kadi ya sauti yenye matundu manane ya maikrofoni inaingia kwenye mkoba. Maikrofoni tano zinasimamishwa katikati ya duara, migongo yake ikielekeana, moja mbele, mbili pembeni kwa mbele, mbili pembeni kwa nyuma. Laptopu moja, programu ya kuhariri ya bure, betri moja ya sola. Kazi ngumu iliyobaki ni ya heshima: kwenda kwa wazee wa ngoma mapema, kukubaliana nao kuhusu malipo na majina yao, na kuwaomba wacheze kama wanavyocheza wenyewe kwa wenyewe, bila kutazama jukwaa.

Watu wa kuifanya wapo. Chuo Kikuu cha Muni kiko Arua na kina wanafunzi wa teknolojia ya habari wanaotafuta mada ya mradi wa mwisho. Radio Pacis iko hewani tangu 2004 na inajua mahali zilipo kwaya za adungu kijiji kwa kijiji. Studio ndogo za Arua na Koboko zinarekodi wasanii kila wiki, na vijana wake wana masikio mazuri kuliko vyombo vyao. Ninawaomba nyote: nendeni mkairekodi agwara kutoka ndani, ikiwa kamili kwa chaneli tano, wakati wapulizaji wanaoijua vizuri bado wana pumzi. Nakala moja iwekeni Makerere, moja Muni, na nyingine iuzeni kwa haki, wapulizaji wapate fungu lao.

Nami nimempa mpwa wangu neno, tena nalitoa kwako pia msomaji. Ukiwa unanunua mwaka huu, nunua mbili nzuri, zilizothibitishwa kwa sauti ya mama yako. Za nyuma zisubiri mpaka siku kutakapokuwa na rekodi ya kwetu ya kuziwekea.